Nukta za Chini

Mtaani kwetu mume wangu anaitwa Makumbusho. Mimi namwita majina mengine, na mengi hayaandikiki. La Makumbusho amelipata kwa haki. Chumba chetu cha mbele, ambacho watu wengine wangepanga makochi na kupokea wageni, yeye amekijaza kompyuta zilizostaafu kabla wanetu hawajaota meno: skrini zenye visogo vikubwa, makasha yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, nyaya zilizosokotana hata hujui ipi inaanzia wapi. Mgeni akija huondoa kwanza kibodi kitini ndipo akae.

Nusu ya chumba hicho ni yangu. Nina cherehani, meza ya kukatia, pasi na dirisha. Dirisha tuligombania sana, maana yeye hapendi jua kwenye skrini zake na mimi bila jua siwezi kushona upindo ukanyooka. Nilishinda. Huwa nashinda.

Wala usidhani ni mtu wa kuchezea machuma tu. Zipo karakana na ofisi ambazo mashine zao zinaelewana na kompyuta ya zamani peke yake. Ukiziletea mpya zinagoma. Wenyewe wakikwama humfuata Makumbusho. Na mara nyingi shida huwa ni kadi ya picha, kile kibao kinachochomekwa ndani ya kasha ili kichore kila unachokiona kwenye skrini. Kadi yenyewe ni bubu. Inataka programu ndogo, yeye anaiita kiendeshi, ya kuieleza kompyuta kadi hii ni ya namna gani na itumiwe vipi. Ukiweka kiendeshi kisicho chake, picha inakuja ya zambarau, au imejikunja, au haiji kabisa. Basi yeye hubadilisha kiendeshi, anazima, anawasha, anakuna kichwa, anazima tena. Nimeolewa na mtu wa kuzima na kuwasha.

Ana taratibu zake. Kadi iliyokaa sana huitoa, akasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akapuliza, akainusa. Akishawasha kasha huinamisha sikio kulisikiliza, kama mama anavyosikiliza pumzi za mtoto mwenye mafua. Namcheka, lakini kweli mara nyingi husikia tatizo kabla hajaliona.

Kinachonitoa povu ni makopo ya biskuti. Katika nyumba ya mshonaji yeyote kopo la biskuti lina nyuzi na vifungo, hilo halina mjadala. Katika nyumba yangu nusu ya makopo yana flopi, vile visahani vya plastiki vyeusi ambamo viendeshi vyake vimehifadhiwa. Mara ngapi nimefungua kopo mbele ya mteja nikitafuta kifungo, nikatoa flopi!

Sasa, nilianza kuumwa na kichwa. Nikishona kutwa, ikifika jioni macho yanawaka. Nikaenda kliniki ya macho iliyo juu ya duka la vioo, na nilikwenda kwa kujiamini, maana kliniki ile ni ya kwetu. Kompyuta yao ya kupimia ni ya zamani, Makumbusho ndiye fundi wao, na muda si mrefu kabla ya hapo kadi yake ilikuwa imetoa moshi akawawekea nyingine kutoka uvunguni mwa kitanda chetu. Alirudi siku ile anapiga mluzi. "Imepona," alisema, na kweli ikawa inafanya kazi.

Kipimo chenyewe ni hivi. Unaingia chumba chenye giza, unaegemeza kidevu, unafunikwa jicho moja. Mbele yako kuna skrini nyeusi yenye alama katikati, na hiyo alama ndiyo unayoitazama tu. Nukta za mwanga zinatokea huku na huku. Ukiona moja, unabonyeza kitufe. Ukimaliza unabadilishwa jicho. Nilibonyeza kwa juhudi zangu zote, kama mtoto anayetafuta sifa kwa mwalimu.

Daktari ni mama mpole, wa kuvuta kiti karibu kabla ya kusema neno baya. Alivuta kiti karibu.

"Mama, eneo la chini hukuona kitu," alisema. "Macho yote mawili."

"Lakini naona, daktari. Naona viatu vyako."

"Unaona kwa sababu unashusha macho. Ubongo wetu ni mjanja, unaziba pengo mtu asijue. Tutarudia kipimo wiki ijayo tuhakikishe. Ila nisikufiche, ugonjwa wa namna hii ukishachukua haurudishi. Kazi yako ni ipi?"

Nikamwambia nashona. Akatazama mikono yangu, na kule kutazama kwake ndiko kulikonimaliza. Sindano iko chini. Kitambaa kiko chini, mkasi uko chini, vidole vyangu viko chini. Kazi yangu yote iko chini.

Nilifika nyumbani nikamweleza mume wangu huku navua viatu, kwa kifupi, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Aliokota bisibisi, akaiweka mezani, akaiokota tena.

"Sasa itakuwaje?" akauliza.

"Itakuwa hivyo hivyo. Unataka nijishone vidole?"

Aligeukia skrini zake, nami nikaudhika sana, kwa sababu nilitaka aseme kitu, chochote. Nikampigia simu mdogo wangu aje na mkokoteni Jumamosi ya wiki ijayo achukue cherehani, naye anajua kushona, ingawa anashona kwa haraka. Alilia. Mimi sikulia. Nilimwambia ni afadhali iende nikiwa bado nashona vizuri kuliko kungoja siku mteja anirudishie gauni mkononi bila kusema kitu. Nilikuwa na hofu hadi miguuni, lakini nilisema kwa sauti kavu.

Wiki ile ilikuwa ngumu. Nilijipima mwenyewe kila saa: naona sindano, naona uzi, nashusha macho, basi si kweli kwamba naona, nadanganywa na ubongo wangu. Na kulikuwa na jambo jingine lililonitisha zaidi. Kila asubuhi nilikuta sindano kwenye mto wangu wa sindano zimeshatiwa uzi. Nyekundu, nyeupe, kijani, zimepangwa. Sikukumbuka kuzitia. Nikasema moyoni, ama kweli nimekwisha, macho yanaondoka na kumbukumbu nazo zinafunga mizigo. Sikumwambia mtu. Mume wangu naye alikuwa na plasta kidoleni, kesho yake kidole kingine. Nilipomuuliza alisema, "Bisibisi." Nikampa vidonge vyake kuhusu uzembe, na mambo yakaishia hapo.

Siku ya kurudia kipimo akavaa shati lake jeupe, lile lisilo na kifungo cha juu, akasema anakuja.

"Kufanya nini? Kunizima na kuniwasha?"

"Kukusindikiza," alisema, akashika mfuko wake wa vifaa kwa mazoea tu.

Kwenye chumba cha kipimo skrini inamtazama mgonjwa peke yake. Muuguzi hukaa nyuma ya kasha na kibodi yake, kazi yake ni kuanzisha na kuchapisha. Mume wangu aliombwa asimame ukutani, nyuma yangu, asipige kelele. Nikaweka kidevu. Giza. Nukta juu kushoto, nikabonyeza. Kulia, nikabonyeza. Kisha kimya, kisha nyingine juu.

"Simamisha, dada," mume wangu akasema.

"Baba, tafadhali, usimsumbue mgonjwa," akasema muuguzi.

"Imelia lakini haikutoa kitu."

Ni kweli, lile kasha hutoa mlio mdogo wa "tik" kila linapochora nukta. Mimi nilikuwa nausikia tangu siku ya kwanza nikaudharau, kwani kompyuta gani ya zamani hailii? Yeye alikuwa ameinamisha sikio. Akamwomba muuguzi aendelee, na sasa tulisikiliza wote. Tik, nukta. Tik, nukta. Tik, hakuna.

"Hiyo umeiona?" akaniuliza.

"Sikuiona."

"Hata mimi. Na mimi sikufunikwa jicho."

Akaniondoa kitini akakaa yeye. Akapimwa harakaharaka, na karatasi ikatoka na eneo la chini jeusi tii, kama langu. Muuguzi naye akakaa. Jeusi tii. Tukabaki tunatazamana kwenye lile giza, vipofu watatu, hadi muuguzi akaangua kicheko cha woga.

Mume wangu hakucheka. Alikuwa amekaa sakafuni, kasha limeshafunguliwa, tochi mdomoni. Alipoitoa tochi sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni mimi," alisema.

Akanieleza kwa lugha ninayoielewa. Kadi aliyoiweka ina ndugu yake, jina moja, umbo moja. Ndugu mtu ana kumbukumbu nzima, yaani nafasi ya kuwekea picha. Hii yao ina nusu, nusu nyingine ni soketi tupu, zisizo na chipu. Kiendeshi cha kadi hii kilikuwa kwenye flopi, na siku ile flopi ilikataa kusomeka. Akaona si neno, akaweka kiendeshi cha ndugu mtu. Kompyuta ikafunguka vizuri, maandishi yakatokea, akafunga kasha akaenda zake. Lakini kipimo chenyewe kinachora picha kubwa kuliko ile ya mwanzo, na kiendeshi kikaamini nafasi ipo.

"Ni kama umeambiwa kitambaa ni mita nne na mkononi una mbili," alisema. "Unakata, unakata, mkasi umeshatoka kwenye kitambaa unakata hewa. Nukta za chini zote zimechorwa hewani. Na kwa kuwa skrini ya kipimo ni nyeusi, hakuna aliyejua kwamba pale chini hapana picha. Nilitakiwa nikae kwenye hiki kiti nipime mwenyewe. Sikukaa."

"Kwa hiyo mama ni mzima!" muuguzi akasema.

"Sijui, dada. Ninachojua ni kwamba kipimo hiki hakijamwona."

Hapo moyo wangu, uliokuwa umeshaanza kuruka, ukarudi chini. Nikaelewa. Mashine ilikuwa mbovu, ndiyo, lakini na mimi ningeweza kuwa mbovu vilevile. Daktari aliitwa, akasimama mlangoni akasikiliza yote bila kumkatiza mume wangu. Kisha akashika kichwa.

"Na wale wengine?" akamuuliza muuguzi. "Niliowaambia wajiandae?"

Muuguzi akasema atawapigia simu wote. Daktari akamtazama mume wangu. "Fundi, unaweza kuitengeneza leo?"

"Naenda nyumbani narudi," akasema, na tulikuwa tumeshafika ngazini.

Nyumbani akalivuta kopo la biskuti kutoka rafuni, lile la bluu, akitaka kuijaribu tena flopi yenyewe. Akalifungua. Juu ya flopi, limejilalia kwa raha zake, lilikuwa pande la sumaku lenye pini tatu zimeling'ang'ania.

Hiyo ni sumaku yangu. Ndiyo ninayookotea pini sakafuni. Niliitafuta miezi, nikamshutumu yeye, nikanunua nyingine. Bila shaka nilifungua kopo nikidhani ni langu, nikaitumbukiza, nikafunika. Na hata mimi, baada ya miaka yote hii na yule mtu, najua kitu kimoja kuhusu flopi: ukiiweka karibu na sumaku, kila kilichoandikwa ndani kinafutika.

Tulitazamana. Nilingoja. Angeweza kusema mengi, na mengi yangekuwa ya haki.

"Pini zako hizi," alisema, akazitoa moja moja akanikabidhi.

Kisha tukacheka mpaka nikashika ukuta. Yeye kwa kadi yake na mimi kwa sumaku yangu, tumeshirikiana kunipofusha bila hata kupanga.

Kicheko kilipokwisha, kiendeshi kilikuwa bado hakipo. Alikaa kitandani akatazama miguu yake. Halafu akasema, "Kama kiendeshi kinaamini kumbukumbu ni nzima, basi tuifanye iwe nzima." Akaingia uvunguni, akatoka na utando wa buibui kichwani na kadi iliyokufa zamani. Ilikuwa na chipu, vile vibao vidogo vyeusi vya kumbukumbu, za aina ileile. Akazing'oa kwa bisibisi nyembamba, taratibu, moja baada ya nyingine. Ya mwisho ikang'oka kwa hasira, na miguu yake miwili ikapinda.

Miguu ya chipu ni myembamba kama kope. Akajaribu kuinyoosha kwa kucha, mguu mmoja ukazidi kupinda, akaiacha.

"Ikikatika basi," alisema. "Nyingine sina."

"Lete hapa," nikasema.

Nikakaa dirishani kwangu, kwenye jua langu. Nikachukua sindano nyembamba kuliko zote, nikaweka chipu kwenye kipande cha velveti isiteleze. Ukiunyoosha mguu kwa nguvu unakatika. Unausukuma kidogo, unauacha upumue, unausukuma tena, kama unavyorudisha uzi uliochomoka kwenye hariri. Nilikuwa nashusha pumzi kwa awamu. Mguu wa kwanza ukasimama. Wa pili ukasimama. Nilipoinua kichwa mume wangu alikuwa ananitazama mimi, si chipu, macho yamemjaa maji.

"Umeona mguu ule," alisema.

"Nimeuona kwa kushusha macho," nikamjibu. Sikutaka tumaini linidanganye.

Kliniki, mchana uleule, kasha lilikataa. Lilitoa mlio mrefu na skrini ikabaki tupu. Akaitoa kadi, akasugua meno kwa kifutio, akapuliza, akairudisha. Akawasha. Mistari ya kijani. Akazima. Akazikandamiza chipu kwa dole gumba moja moja, na iliposikika ile yangu ikiingia "tak" aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari anayoijua. Akawasha, akaita picha kubwa, nyeupe yote kuanzia juu. Ikashuka, ikashuka, ikafika chini kabisa ukingoni. Muuguzi akapiga makofi.

Safari hii alikaa yeye kwanza kitini, akapima jicho moja, akapima la pili, mpaka karatasi ikatoka safi. Ndipo akanipisha.

Nikaweka kidevu. Nilikuwa na kiu. Nukta ya juu, nikabonyeza. Kushoto, nikabonyeza. Tik, na pale chini, chini kabisa, kulipokuwa na weusi mtupu, ikawaka nukta moja ndogo. Nilibonyeza kile kitufe nikakaribia kukivunja. Nyingine, tena chini. Nyingine. Nilikuwa nalia na muuguzi ananiambia, mama usilie, utaharibu kipimo.

Daktari alisoma karatasi akiwa amesimama, kiti hakukigusa, nikajua hata kabla hajafungua mdomo.

"Macho yako ni mazima, mama. Unahitaji miwani ya kusomea, basi. Kama watu wote wa umri wako."

"Umri wangu!" nikasema, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba hata hilo nilimsamehe.

Mzigo uliokuwa kifuani ulinitoka mpaka nikahisi njaa. Nilitaka turudi nyumbani hapohapo. Mume wangu akasema mimi nitangulie, yeye anawangoja wale wengine, hawezi kuondoka wakaambiwe na mtu mwingine. Nikakaa naye. Walikuja siku ile na kesho yake, kila mmoja na uso wa msibani. Wote walitoka wazima ila bibi mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye jicho lake moja kweli lilikuwa na kivuli kidogo pembeni, na daktari alisema ugonjwa umegundulika mapema, unatibika. Kila aliyetoka, Makumbusho alisimama mbele yake akasema, "Kosa lilikuwa langu." Wengi walikuwa na furaha mno hata hawakumsikiliza. Dereva mmoja wa lori, pande la mtu, alimkazia macho kwa muda.

"Wewe ndiye uliyenipofusha?"

"Ndiye mimi."

"Funguo za lori nimesharudisha kwa bosi. Twende ukamwambie mwenyewe." Akamshika bega wakaondoka hivyo, na bosi akarudisha funguo.

Jumamosi mdogo wangu alifika na mkokoteni. Nilikuwa nimesahau kabisa kumpigia. Aliingia kwa kunyata kama anayeingia chumba cha mgonjwa, akanikuta nakanyaga cherehani kwa fujo.

"Dada! Si ulisema..."

"Nilisema. Sasa hivi nasema vingine. Haiondoki."

Nikamhadithia. Alicheka, akanikumbatia, akaniambia kimoyomoyo alikuwa anaiogopa ile cherehani. Kisha akageukia mto wangu wa sindano.

"Na shemeji ameacha kutia uzi?"

"Uzi gani?"

"Hujui? Alinipigia simu, siku ileile uliyonipigia wewe. Eti nimfundishe kutia uzi kwenye sindano. Alisema, dada yako akishindwa kutia, azikute tayari, asihangaike. Nimemwelekeza kwenye simu mpaka sauti ikanikauka. Alikuwa anajichoma huyo!"

Nikautazama ule mto. Zilikuwa zimebaki sindano chache ambazo sikuzitumia, uzi mrefu kupita kiasi, mafundo makubwa ya mtu asiyejua kufunga fundo. Yule niliyedhani ameyapa mgongo maumivu yangu akageukia skrini zake, alikuwa anaamka kabla yangu na kuchomwa vidole.

Mdogo wangu aliondoka na mkokoteni mtupu. Mume wangu aliporudi kutoka dukani, na msumari wa kutundikia sumaku yangu mbali na makopo, nilimwambia avue lile shati jeupe. Nikatafuta kifungo cha juu. Nikachukua sindano moja kati ya zile zake, ya uzi wa kijani, nikakishona nao pamoja na fundo lake baya.

"Si uzi wake huo," alisema.

"Naona," nikamwambia. "Vaa."

Akalivaa hivyo hivyo.